AMEOMBEWA. JE, AMEKULA?



Najua hukuja mkutanoni kutafuta wokovu. Labda ulikuwa unapita zako, ukasikia vyombo, ukasimama kidogo na wenzako pale pembeni kwa muuza miwa. Mtu akakupa karatasi hii, ukaitia mfukoni. Sasa unaisoma kijiweni, au ndani ya daladala, au kitandani usiku usingizi umekataa. Ni sawa. Usiitupe bado.

Leo sitakuuliza unakunywa nini. Sitakuuliza ulikuwa na nani juzi usiku. Hayo Mungu anayajua, na wewe unayajua. Leo nina swali moja tu.

Katika mtaa wenu yuko mgonjwa. Unamjua. Labda ni yule mama anayekohoa nyuma ya ukuta. Labda ni yule kaka aliyekuwa anacheza mpira vizuri, sasa suruali inamvuka kiunoni. Labda ni bibi mwenye kansa aliyerudishwa kutoka hospitali ya mjini. Watu wanasema, "Maskini, anaumwa." Wengine wanasema, "Anaombewa." Wengine wanasema, "Anameza dawa."

Swali langu ni hili: JE, LEO AMEKULA?

HABARI YA FUNDI VIATU

Nitakuambia jambo la aibu, na aibu yenyewe ni yangu mimi mhubiri.

Mwaka 2014 nilikuwa kijana, nimemaliza kozi ya Biblia, moto unawaka! Nilikuwa nakaa Morogoro. Mtaani kwetu alikuwepo fundi viatu mmoja. Alikuwa akikaa chini ya mwembe na sindano yake na kopo la gundi, anacheka na kila mtu. Akaanza kukohoa. Akapimwa makohozi, akaonekana ana kifua kikuu. Akapewa dawa, na dawa za TB hutolewa bure. Akalala ndani. Mke alishamwacha, watoto walikuwa kwa bibi yao kijijini. Asiyeshona viatu hapati hela, na asiye na hela hapati unga. Hiyo hesabu haihitaji kwenda sekondari.

Mimi nikaanza kumtembelea. Kila Jumatatu na kila Alhamisi. Naingia, nakemea, natoka jasho! Nilikemea roho ya TB mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Kisha nafunga Biblia yangu, namwambia, "Amini tu," naondoka. Nilijiona mtumishi hodari.

Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Yule ndugu anazidi kukonda. Alianza dawa akiwa na kilo 43. Mwezi ulipokwisha alikuwa na kilo 41. Mimi nikasema moyoni, huyu hana imani.

Wiki ya tano, nilipomaliza kuomba, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa kama kijiti. Akasema taratibu, "Mtumishi, umeomba vizuri. Mungu akubariki. Sasa, huna chochote cha kula?"

Kijana, sikiliza. Mfukoni nilikuwa na noti ya elfu tano. Niliiweka kwa ajili ya kutengeneza spika ya mkutano. Nikamwambia, "Bwana atakupa." Nikaondoka na noti yangu.

Usiku sikulala.

Kesho yake jioni nikarudi, si Jumatatu wala Alhamisi. Nikakuta mtu ndani. Alikuwa ni mpiga debe wa stendi, kijana wa maneno machafu, mnywaji wa gongo anayejulikana mtaa mzima. Harufu ya gongo ilikuwepo hata saa ile! Amekaa kwenye ndoo aliyoigeuza, mkononi ana chupa ya chai, anammiminia fundi uji wa lishe. Pembeni kuna mayai mawili ya kuchemsha na dagaa kwenye kipande cha gazeti.

Akanitazama, akasema, "Shikamoo mtumishi. Karibu. Hebu tazama hapa." Akainua kona ya godoro. Chini yake kulikuwa na vidonge. Vingi tu! Akasema, "Alikuwa anavificha. Anasema vikiingia tumboni hakuna kitu, anasikia kichefuchefu, kisha njaa inamwuma kama kisu. Leo asubuhi nimempeleka kliniki kwa pikipiki ya rafiki yangu, tumemwambia nesi ukweli wote. Wamempangia upya. Sasa tumepatana: anakula mbele yangu, anameza mbele yangu."

Mimi mwenye Biblia nilikuwa nimesimama mlangoni. Yeye mwenye gongo alikuwa anafanya kazi ya Yesu.

Nikamwuliza kwa nini anafanya hivyo. Hakunitazama. Akasema mama yake alilazwa wodini miaka mingi nyuma, yeye akiwa mtoto wa darasa la nne. Saa ya chakula ikifika, ndugu za wagonjwa wanaingia na vikapu na mabakuli. Kitanda cha kulia wanakula, kitanda cha kushoto wanakula. Kwa mama yake hakuja mtu. Mama akajifunika shuka usoni, ajifanye amelala. Akasema, "Nilijua hakulala."

Fundi alipona. Alimaliza dawa zake miezi yote, akapima, hana TB, ana kilo 54. Akaja kanisani kushuhudia. Akasimama mbele akasema, "Mungu ameniponya. Ametumia dawa za kliniki, ametumia maombi yenu, na ametumia uji wa mlevi." Watu wengine walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalia.

YESU ALISEMA NINI BAADA YA MUUJIZA?

Sasa twende kwenye Neno. Marko sura ya 5. Yairo alikuwa mkubwa wa sinagogi, na binti yake wa miaka 12 amekufa. Waombolezaji wamejaa. Yesu anaingia chumbani, anamshika mkono yule binti, anamwambia ainuke. Binti anainuka, anatembea! Haleluya! Watu wote wameshangaa, hawajui waseme nini.

Sasa angalia mstari wa mwisho, wa 43. Wahubiri wengi tunauruka. Baada ya kumfufua, Yesu aliwaagiza wale wazazi wampatie mtoto chakula.

Jamani! Yeye aliyeweza kurudisha roho, je, angeshindwa kujaza tumbo kwa neno moja? Asingeshindwa. Lakini ile kazi ya kumpa chakula aliwaachia watu waliokuwa chumbani. Muujiza ni wa Yesu. Uji ni wa kwetu.

Tena mtazame Eliya, 1 Wafalme sura ya 19. Nabii mkubwa, amechoka, amelala chini ya mretemu, anataka kufa. Malaika akaja. Je, malaika alimhubiria? Alimkemea kwamba hana imani? Hapana! Alimwekea mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala. Akamwamsha tena ale mara ya pili, maana safari ilikuwa ndefu kumshinda. Kwa nguvu ya chakula kile alikwenda siku 40.

Na mgonjwa wa TB ana safari ya miezi sita au zaidi. Mgonjwa wa UKIMWI safari yake ni ya maisha yote. Mgonjwa wa kansa anakaa mjini wiki nyingi akipigwa mionzi, mbali na shamba lake na mifugo yake. Hawa wote wana safari ndefu. Nani atawawekea mkate chini ya mretemu?

DAUDI NA MGONJWA ALIYETUPWA

Fungua 1 Samweli sura ya 30. Daudi na watu wake wamerudi mjini kwao Siklagi, wakakuta mji umechomwa, wake na watoto wametekwa. Wanakimbia kuwafuata adui. Wana hasira, wana haraka. Njiani wakamkuta kijana Mmisri ameanguka porini. Hajala wala kunywa siku tatu usiku na mchana.

Ni nani huyu? Alikuwa mtumwa wa Mwamaleki. Aliugua, bwana wake akamwacha hapo hapo. Alipokuwa na nguvu alikuwa na faida. Alipougua, akatupwa kama kandambili iliyokatika.

Daudi angeweza kumruka. Ana shida zake mwenyewe! Lakini wakampa mkate, wakampa maji, wakampa kipande cha mkate wa tini na vichala viwili vya zabibu. Roho yake ikamrudia. Na kijana yule yule ndiye aliyewaonyesha njia hadi kambi ya adui. Daudi akarudisha kila kitu, hakupotea mtu hata mmoja.

Unaona? Yule uliyemwona mzigo ndiye alikuwa na njia ya kukufikisha. Fundi viatu leo anashona viatu vya watoto wa shule wa mtaa mzima. Kama angekufa, tungesema "Bwana alitoa, Bwana ametwaa," kumbe ni sisi tuliomwacha porini.

CHAKULA KINAFANYA KAZI GANI KWA MGONJWA?

Labda unasema, "Mhubiri, dawa si zinatosha?" Hebu sikiliza vizuri. Hili niliambiwa na nesi wa kliniki, na baadaye nikajisomea.

Mwili unaopigana na ugonjwa unatumia nguvu nyingi kuliko mwili mzima. Shirika la Afya Duniani limesema mtu mzima mwenye virusi vya UKIMWI ambaye bado hana dalili anahitaji chakula chenye nguvu zaidi kwa kama asilimia 10. Akishakuwa na dalili za ugonjwa, anahitaji zaidi kwa asilimia 20 hadi 30. Mtoto anayepungua uzito anahitaji zaidi kwa asilimia 50 hadi 100. Yaani wakati yule mtu hawezi kufanya kazi ndipo anapohitaji kula zaidi! Ni kama gari linalopanda mlima, mafuta yanakwenda mengi.

Tena dawa zikianza kushinda, njaa inarudi kwa nguvu. Mgonjwa aliyezoea kulala njaa, sasa njaa hailaliki. Wengine wanaacha dawa kwa sababu hiyo tu. Si wabishi. Wana njaa.

Kule India, katika jimbo la Jharkhand, kati ya mwaka 2019 na 2022, madaktari wawili, mume na mke, Anurag Bhargava na Madhavi Bhargava, pamoja na wenzao, walifanya jambo rahisi. Wagonjwa wa TB 2,800 waliendelea na dawa zao kama kawaida, na kila mmoja akapewa kapu la chakula la kilo 10 kila mwezi: mchele, unga wa dengu, maziwa ya unga, mafuta, pamoja na vidonge vya vitamini. Wale walioongezeka uzito miezi miwili ya mwanzo, vifo vyao vilikuwa vichache sana kuliko wale ambao hawakuongezeka. Tena baadhi ya familia, yaani watu wanaolala nyumba moja na mgonjwa, nao walipewa chakula chao kila mwezi. Katika familia hizo TB mpya ilipungua kwa karibu asilimia 40. Haikuwa sindano mpya wala mashine. Ilikuwa wali na dengu!

Hapa kwetu Afrika Mashariki pia tumeona. Eldoret, Kenya, mradi wa AMPATH ulianza mwaka 2001, na punde wakaona wagonjwa wa UKIMWI wana dawa mkononi lakini nyumbani hakuna chakula. Wakalima mashamba. Daktari akawa anamwandikia mgonjwa chakula kama anavyomwandikia vidonge.

Na mtu asikudanganye kwamba hiyo ni kazi ya wenye pesa tu. Marekani, mji wa San Francisco, mwaka 1985, UKIMWI ulikuwa mpya na watu wanaogopa hata kumgusa mgonjwa. Bibi mmoja mwenye wajukuu, Ruth Brinker, alimpoteza rafiki yake. Aliona jinsi mgonjwa anavyodhoofika haraka akikosa mtu wa kumpikia. Akaanza kuwapikia wagonjwa saba katika jiko la chini la kanisa. SABA TU! Kazi ile ikaitwa Project Open Hand, ikakua, ikalisha maelfu, na mpaka leo ipo. Yule bibi alifariki mwaka 2011. Chungu chake kinaendelea kuchemka.

Je, wewe unangoja nini? Unangoja msaada kutoka ng'ambo? Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata misaada mingi ya afya na chakula, na wagonjwa wengi duniani wakaachwa njiani kama yule Mmisri. Anayebaki ni wewe na mimi.

"LAKINI MIMI SIJAOKOKA, NA SINA HELA"

Nakujibu. Watu 10 wa kijiwe kimoja, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa siku, ni 5,000. Kwa siku 30 ni 150,000. Hiyo ni hela inayopotea kwenye kubeti na kwenye pombe. Itanunua unga, maharage, dagaa, karanga, mayai, mafuta, na mgonjwa mmoja atakula, huenda na wawili. Huna 500? Una miguu: chota maji, osha vyombo, kata kuni. Una pikipiki: mpeleke kliniki siku yake. Mama yako ana mchicha na mpapai: omba, atakupa.

Lakini fanya kwa akili. Nisikilize mambo matano.

1. Mwulize mgonjwa mwenyewe, na mwulize nesi au daktari. Chakula si kimoja kwa wote. Mwenye kisukari ana mpango wake. Mwenye figo mbovu anaweza kudhurika na chumvi, hata na ndizi na maharage ambayo kwa wengine ni mazuri. Usipeleke tu kwa moyo, peleka kwa maarifa.

2. Aliyekonda kupita kiasi, mpeleke kituo cha afya kwanza. Usimshindilie sahani ya ugali siku ya kwanza. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu unarudishwa pole pole, tena chini ya uangalizi, maana kulishwa ghafla kunaweza hata kuua.

3. Kidogo kidogo, mara nyingi. Mdomo wenye vidonda haupendi pilipili. Uji uliowekwa karanga zilizosagwa au maziwa unapita. Parachichi linapita. Dagaa waliosagwa ndani ya mboga wanapita. Mikono ioshwe kwa sabuni, maji ya kunywa yachemshwe.

4. Usiogope sahani yake. UKIMWI hauambukizi kwa kula pamoja. TB inapita hewani kwa kikohozi, haipiti kwenye kijiko. Fungua madirisha, kaeni kwenye hewa, ahakikishe anameza dawa. Kula naye! Mgonjwa anayekula peke yake anashiba nusu.

5. Usimwaibishe. Usipige picha ukaipeleka kwenye simu za watu. Usitangaze ugonjwa wake. Peleka jioni, kwenye kikapu kama mtu anayemtembelea ndugu yake. Maana ndugu yako ni yeye.

Na hapa ninasema kwa herufi kubwa: USIMWAMBIE MGONJWA YEYOTE AACHE DAWA ATI KWA SABABU AMEOMBEWA. Mhubiri akikuambia hivyo, hata kama anapiga kelele kuliko mimi, usimsikilize. Yesu ninayemhubiri aliwaponya wenye ukoma akawaambia waende wakajionyeshe kwa kuhani, aliyekuwa akipima wakati ule. Tunaomba, tunameza dawa, tunakula. Vyote vitatu vimetoka mkononi mwa Mungu mmoja.

TAJIRI ALIYEKULA PEKE YAKE

Luka sura ya 16. Tajiri anakula kifahari kila siku. Mlangoni pake amelazwa Lazaro, maskini, mgonjwa, mwili umejaa vidonda, anatamani makombo. Mbwa ndio waliokuja kumlamba.

Kijana, angalia jambo hili. Biblia haisemi kwamba yule tajiri alimpiga Lazaro. Haisemi alimfukuza. Haisemi aliiba wala aliua. Alimruka tu. Asubuhi anamruka, jioni anamruka. Akafa, akajikuta kwenye mateso. Lazaro akawa kifuani mwa Ibrahimu.

Wewe unasema, "Mimi si mbaya, sijaua mtu." Sawa. Ni nani aliyelala mlangoni pako?

Na sisi tuliookoka tusicheke. Yakobo sura ya 2 inatuuliza: ukimwona ndugu hana chakula cha siku, ukamwaga na maneno mazuri ya amani bila kumpa kitu, inafaa nini? Mimi ndiye niliyekuwa na elfu tano mfukoni. Neno lilinihukumu mimi kwanza kabla halijafika kwako.

NA WEWE UNA NJAA

Ngoja nimalizie habari ya mpiga debe.

Nilimwendea stendi nikamwomba msamaha. Akacheka, akanipa kiti. Nikampa ile noti, akanunulia unga. Toka siku ile tukawa tunapeana zamu, yeye jioni, mimi mchana. Lakini nilipomwambia habari za Yesu, alisema, "Mtumishi, mimi nawalisha watu. Mungu akitaka kunihukumu, ataona mabakuli." Nikanyamaza, sikuwa na haki ya kubishana naye.

Mwaka 2016 akaanguka. Macho ya njano, tumbo limejaa. Lile gongo. Kijana aliyelisha wengine, kumbe mwenyewe ndani anakufa! Akalala chumbani, na marafiki wa gongo hawakuonekana hata mmoja.

Nani alikwenda? Fundi viatu. Alikwenda na chupa ile ile ya chai, jioni ile ile, akageuza ndoo ile ile akakaa. Akamwuliza nesi anaruhusiwa kula nini, akampikia hicho hicho. Wiki ya pili mpiga debe akamwambia, "Ninyi mnanilisha, lakini kuna njaa nyingine hapa ndani, na uji hauifikii. Nilikuwa naizimisha kwa gongo. Nawalisha watu ili nisikie mama amekula. Lakini mama bado hajala." Akalia kama mtoto.

Fundi hakujua kuhubiri. Alimwambia tu, "Mkabidhi Yesu. Na mama yako, na wewe." Wakaomba wawili, mlango umefungwa, hakuna spika, hakuna kinanda.

Sikudanganyi kwamba kesho yake alikuwa malaika. Aliteleza, akainuka, akateleza, akainuka. Hospitali ilimsaidia, kuacha gongo kulimsaidia, na Yesu hakumwacha. Leo yuko stendi ile ile, sauti ile ile, ila matusi yamekwisha. Na jioni bado anabeba chupa ya chai.

Kijana, matendo mema ni mazuri, yafanye. Lakini bakuli haliwezi kuosha dhambi. Sisi hatulishi watu ili tuokolewe. Tunalisha kwa sababu tulikuwa tumetupwa porini, tunakufa, na Yesu akashuka akatupa mwili wake uwe mkate. Alilipa pale msalabani, yote. Una njaa ya nini leo? Ya baba aliyekukimbia? Ya kupendwa bila kutumiwa? Umeizimisha kwa nini? Kwa pombe, kwa wasichana, kwa wavulana, kwa bangi? Imezimika?

Au labda wewe mwenyewe ndiye mgonjwa. Umesoma mpaka hapa na kadi ya kliniki iko chini ya mto, hujamwambia mtu. Mungu hajakutupa. Usiache dawa. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, "Sina chakula." Si aibu. Aibu ni yetu sisi tuliokuruka.

OMBA HIVI SASA

Hapo ulipo, kijiweni, garini, kitandani, sema kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimewaruka watu mlangoni pangu. Nimezima njaa yangu kwa mambo yanayoniua. Leo nakuja kwako. Nisamehe, unioshe kwa damu yako, uingie ndani yangu. Nilishe, nami niwalishe wengine. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umeomba kwa kweli, umepokelewa. Haleluya! Tafuta kanisa linalohubiri wokovu na kutembelea wagonjwa. Tafuta Biblia, anza kusoma Marko sura ya 5.

Kama hujaomba, hujawa tayari, sikulazimishi. Lakini kabla hujalala leo, nenda kwa yule mgonjwa. Usiende mikono mitupu. Mayai mawili, kikombe cha uji. Bisha hodi, kaa kwenye ndoo, kula naye. Katika Mathayo sura ya 25 Yesu amesema waziwazi kwamba ukimlisha mdogo kama huyo, umemlisha yeye. Basi hata kama hujamfahamu, leo jioni utakutana naye.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. Usiitupe chini.

Mungu akubariki.

Ndugu yako katika Kristo, Mwinjilisti.